Kufuli tatu na projekta moja: uwezo wa vikundi vidogo unajengwaje?

Miaka kadhaa iliyopita nilichukuliwa kwa siku tatu kuandika taarifa ya semina katika kijiji kimoja cha mwambao wa Lindi. Mada ya siku ya pili ilikuwa udhibiti wa ndani wa fedha. Mwezeshaji, kijana mwenye nia njema aliyetoka Dar es Salaam, alitafuta pa kuweka projekta yake, na darasa lile halikuwa na meza ndogo. Mama mmoja akamsogezea sanduku la chuma la kikundi chao cha kuweka na kukopa. Lilikuwa na kufuli tatu. Kwa saa mbili tulielezwa kwamba katika taasisi makini mtu mmoja haachiwi aidhinishe malipo, alipe, kisha atunze kumbukumbu peke yake. Muda wote huo projekta ilikuwa imekaa juu ya sanduku ambalo halifunguki mpaka wanawake watatu wa nyumba tatu tofauti waje na funguo zao.

Hakuna aliyeuliza sanduku lile linafanyaje kazi. Nami sikuuliza. Kwenye taarifa niliandika kwamba washiriki 28 "wamejengewa uwezo katika usimamizi wa fedha", vyeti vikatolewa, tukapigwa picha. Nilikuja kujua baadaye kwamba vile vyeti viliishia ndani ya sanduku lilelile, juu ya vyeti vya semina nyingine nne.

Kujenga uwezo wa asasi ndogo ni shughuli inayopewa fedha nyingi na inayoelezwa vibaya, na sehemu ya tatizo iko kwenye neno lenyewe. Ofisini tunasema "kujengewa uwezo": mtu amekaa pembeni, fundi anamjengea. Mtaani neno uwezo lina maana nyingine kabisa. Tukisema fulani ana uwezo, tunamaanisha ana fedha. Familia isiyo na uwezo ni maskini, siyo kwamba hawajahudhuria semina. Kwa hiyo barua ikifika kijijini ikisema kikundi kitajengewa uwezo, wanachama wanasikia jambo moja na mwandishi wa barua anamaanisha jingine. Nadhani wanachama ndio walio karibu zaidi na ukweli.

Ujuzi uliokuwepo

Sanduku la kufuli tatu lina historia. Mwaka 1991, katika eneo la Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza kufanya kazi na wanawake wa vijijini kwa utaratibu ulioitwa Mata Masu Dubara. Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo hesabu zilitunzwa kwa kichwa. Kiasi kilichomo sandukuni kilitajwa kwa sauti mwisho wa kikao, kila mtu akaondoka nacho akilini, na kikao kilichofuata kikaanza kwa kukitaja tena. Utaratibu huo ulisambaa Afrika. Zanzibar ulifika karibu na mwaka 2000, kwenye vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani, na Tanzania Bara aina yake iliyoota mizizi ni VICOBA, yaani benki za kijamii za vijijini. Leo ni vigumu kupata kata isiyo na kikundi cha namna hii.

Mkaguzi wa hesabu akikaa kwenye kikao kimoja tu atakuta karibu kila anachofundisha. Idhini imetenganishwa na utunzaji. Mapato yanatangazwa hadharani. Mkopo unajadiliwa mbele ya mkopaji, wadhamini wake wakiwepo. Mchelewaji anatozwa faini, hata kama ni mwenyekiti. Mwisho wa mzunguko hisa zinagawanywa na hesabu inaanza upya. Wao hawaiti udhibiti wa ndani. Wanaita kikao.

Tena si VICOBA peke yake. Angalia kamati ya harusi. Watu wasiofahamiana vizuri wanateua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wanaandika ahadi, wanazifuatilia kwa ujumbe wa simu bila huruma, wanakusanya mamilioni ndani ya miezi mitatu, wanawalipa mpishi, ukumbi na mpiga picha, kisha siku ya kuvunja kamati hesabu zinasomwa huku watu wakila. Kuna mashirika yenye magari na ofisi yasiyoweza kufunga hesabu kwa kasi hiyo. Na vyama vya kufa na kuzikana vina utaratibu wa dharura ambao wafadhili wangelipia pesa nyingi kuupata: msiba ukitokea usiku, alfajiri turubai limeshasimama.

Hata hivyo nisidanganye, sanduku halitoshi. Linafanya kazi kwa sababu mbili ambazo fedha za ufadhili hazina. Kwanza, fedha zinaonekana kwa macho. Zikihamia benki zinageuka namba kwenye karatasi inayoshikwa na mtu mmoja. Pili, fedha zile ni jasho la waliokaa kwenye mkeka. Mtu analinda hisa yake. Fedha zilizotoka mbali zinalindwa kwa uvivu, na nimesikia zaidi ya mara moja watu wakisema "za mzungu hizo" pale ambapo mwenyekiti alichota bila kuulizwa. Hapo ndipo mafunzo yana kazi ya kweli: kuandika hati ya malipo, kurejesha masurufu (fedha ulizopewa mapema kwa shughuli) pamoja na stakabadhi, kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi. Ni ujuzi wa kuwajibika kwa mtu asiyekuwepo kikaoni. Ni mpya, na unafundishika. Lakini haufundishiki kwa siku tatu za bangokitita. Mwenye kuujua lazima arudi mwisho wa mwezi wa kwanza, akae na mweka hazina, wafungue daftari pamoja. Na mwezi wa pili arudi tena.

Karatasi

Kabla ya fedha kuja kuna usajili, na hapa wengi hupotea. Kikundi cha kijamii husajiliwa halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii. Kikitaka kuwa shirika lisilo la kiserikali kinaingia chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, iliyorekebishwa 2005 na tena 2019, na kinakwenda kwa Msajili wa mashirika hayo. Chama kinaweza kuwa chini ya Sheria ya Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani. Bodi ya wadhamini inasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Na kama wanachama hao hao wanakopeshana, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imewaweka daraja la nne, nalo lina usajili wake. Kundi moja la wanawake 25 linaweza kujikuta chini ya sheria mbili bila kujua hata moja.

Kanuni zilizotolewa 2018 ziliongeza kwamba shirika likipata zaidi ya shilingi milioni 20 liziweke wazi kwa umma na kuwasilisha mkataba wa ufadhili Hazina na kwa Msajili. Uwazi ni jambo jema, sina ugomvi nao. Ila milioni 20 kwa shirika la kimataifa ni bajeti ya warsha moja, na kwa kikundi cha Nachingwea ni fedha za mwaka mzima. Wote wanajaza fomu moja.

Wakenya nao wana yao. Sheria yao ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa 2013 ikakaa kabatini miaka 11 hadi ilipoanza kutumika Mei 14, 2024. Katikati ya kusubiri huko, mwaka 2022, walipata sheria mahususi ya vikundi vya kijamii: watu wasiopungua kumi, katiba yao, usajili kupitia idara ya maendeleo ya jamii. Naiona kama hatua ya busara. Inakiri kwamba chama cha akina mama wa Kibera si shirika kubwa lililodumaa. Ni kitu cha aina yake.

Laki mbili na nusu kwa mwezi

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo fundo lilipo.

Chukua mfano wa kubuni. Kikundi kinachosaidia watoto wenye ulemavu kwenda shule kinapata ruzuku ya shilingi milioni 30 kwa mwaka mmoja. Mfadhili anaruhusu asilimia 10 kwa gharama za uendeshaji. Asilimia 10 ni milioni 3, sawa na laki mbili na nusu kwa mwezi. Mfadhili anataka kuwe na mhasibu. Mlipe mhasibu laki mbili na nusu, ambao ni mshahara wa kuombea radhi, na fedha za uendeshaji zimeisha. Kumbe bado. Mchango wa mwajiri NSSF, kwa mgawanyo wa kawaida wa nusu kwa nusu, ni asilimia 10 ya mshahara: elfu 25. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi unataka asilimia 0.5. Umeshapitiliza, na hujalipa kodi ya chumba, umeme, bando, nauli ya kwenda benki mjini, wala mkaguzi wa nje ambaye mkataba unamtaka.

Kikundi kinafanya nini? Njia ni tatu. Mwenyekiti anageuka mhasibu bila malipo, anachoka, anaondoka. Au mhasibu anaandikwa kwenye bajeti kama "mratibu wa mafunzo kwa walengwa", na kikundi kinajifunza uongo wake wa kwanza. Au hakuna mhasibu, stakabadhi zinapotea, na mwisho wa mwaka mfadhili anaandika kwamba kikundi hakina uwezo, kinahitaji semina ya usimamizi wa fedha. Gharama ya semina hiyo, ukijumlisha ukumbi, posho, mafuta ya gari na malazi ya wawezeshaji, ingemlipa mhasibu yule kwa miezi kadhaa.

Mzunguko huu haukuanza kwa roho mbaya. Mtoaji wa fedha anaogopa kuonekana analipia viti na mishahara badala ya watoto, na wapiga kura au wachangiaji wake wanamsifu kwa kila shilingi "iliyomfikia mlengwa moja kwa moja". Lakini hakuna shilingi inayojifikisha yenyewe. Kwa miaka kumi kanuni za serikali ya Marekani ziliwapa wapokeaji wasio na kiwango walichokubaliana nayo asilimia 10 tu kwa gharama za uendeshaji. Oktoba 2024 kiwango kikapanda hadi 15. Miezi minne haijatimia, Januari 20, 2025, misaada yenyewe ya Marekani kwa nchi za nje ikasitishwa, na Julai mosi mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, ikakoma kuwa shirika linalojitegemea.

Pigo hilo lilianika jambo ambalo takwimu zilikuwa zinalisema siku zote. Mei 2016 huko Istanbul wafadhili wakubwa na mashirika ya kibinadamu waliahidi kwamba kufikia 2020 robo ya fedha zao zingewafikia watoa huduma wa nchi husika kwa njia fupi kadiri iwezekanavyo. Haikufika popote karibu. Novemba 2021 Samantha Power, aliyekuwa akiiongoza USAID, alitangaza lengo lake la asilimia 25 kwenda kwa mashirika ya wenyeji. Mwaka wa fedha 2022 walifika kama asilimia 10, uliofuata wakashuka kidogo chini ya hapo. Sehemu kubwa ya fedha iliendelea kupitia kwa wakandarasi na mashirika makubwa, nayo yaliteremsha vipande kwa wadogo: vipande vya miezi tisa, vyenye shughuli zilizokwishaamuliwa, na vyenye mafunzo. Bomba lilipofungwa, kikundi cha kijijini kilikuwa na vyeti, fulana, na hakuna akiba hata ya mwezi mmoja. Hakikuruhusiwa kuweka akiba. Fedha zilizobaki zilirudishwa.

Fedha bila mlezi

Mtu anaweza kusema basi, wapeni fedha, acheni semina. Tanzania imeshajaribu jambo linalofanana na hilo. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuvikopesha vikundi bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Tangu 2018 jambo hili ni la kisheria. Ni wazo zuri kuliko mengi niliyoyaona, kwa sababu fedha ni za ndani na hazingoji uchaguzi wa nchi nyingine.

Ila vikundi vikaanza kuzaliwa kwa ajili ya mkopo. Watu watano waliokutana wiki iliyopita wanaandika katiba kwa kunakili ya jirani, wanachukua fedha, wanagawana, wanapotezana. Ripoti za Mkaguzi Mkuu zikajaa mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, na Aprili 2023 serikali ikasitisha utoaji hadi iliporudi na utaratibu mpya mwaka uliofuata. Lawama nyingi ziliangukia vikundi. Mimi ningewaangalia pia maafisa maendeleo ya jamii. Afisa mmoja wa kata, wengi wao bila pikipiki wala mafuta, anatakiwa kusajili, kuhakiki, kufundisha na kufuatilia kila kikundi kwenye eneo lake. Huyo ndiye angekuwa mlezi, na hakuna aliyemfikiria yeye kama sehemu ya uwezo unaojengwa.

Neno mlezi nalitumia kwa makusudi. Vikundi vyetu vingi huwa na mlezi kwenye katiba, mara nyingi mtu mkubwa anayealikwa kukata utepe. Maana ya asili ni nyingine: anayelea hukaa, huona mtoto akianguka, hamnyang'anyi kijiko kila anapomwaga uji. Foundation for Civil Society, inayotoa ruzuku kwa asasi za Tanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, imekuwa ikiunganisha ruzuku na mafunzo badala ya kuvitenganisha. KCDF (Kenya Community Development Foundation) ya Kenya, iliyoanzishwa 1997, imesukuma upande mwingine: jumuiya ichange kwanza, halafu taasisi iongezee. Njia zote mbili zina makosa yake, lakini zinakubaliana kwamba ujuzi na fedha vinatembea pamoja au havitembei.

Uwezo unaotisha

Kuna aina moja ya uwezo ambayo haimo kwenye moduli yoyote niliyowahi kuipokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Litowa, Songea, vijana wa TANU, chama cha Mwalimu Nyerere, walianzisha kijiji cha kulima na kuishi pamoja. Wengine wakaiga, wakaunda Ruvuma Development Association, umoja wa vijiji zaidi ya kumi, chini ya uongozi wa Ntimbanjayo Millinga. Walikuwa na shule yao Litowa iliyofundisha kwa kuzingatia maisha ya kijiji, walikuwa na mashine za kusaga na kupasua mbao, na maamuzi yalitoka mkutanoni. Walifukuza uvivu na walikataa maagizo yasiyo na maana. Mwalimu Nyerere aliwatembelea, na sehemu ya alichokiandika kuhusu ujamaa vijijini ilichotwa pale.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaupiga marufuku umoja huo, na mali zake zikachukuliwa. Viongozi wa mkoa hawakupendezwa na wakulima ambao hawakuwahitaji. Kwa vipimo vya leo umoja ule ungepata alama zote: uongozi, mapato yake, huduma kwa jamii, ushirikishwaji. Ulichokosa ni mtu mwenye madaraka aliyekuwa tayari kuishi na kikundi kinachoweza kusema hapana.

Wafadhili wa sasa hawapigi marufuku. Wao hubadilisha vipaumbele. Kikundi kilichoanzishwa na wajane kwa ajili ya mirathi kinaambiwa mwaka huu fedha ziko kwenye mabadiliko ya tabianchi, na katibu, kwa kuwa amefundishwa vizuri kuandika andiko, anageuza wajane kuwa wapanda miti. Semina imefaulu. Wajane bado hawana hati za viwanja.

Nilirudi kijiji kile cha Lindi baada ya kama miaka minne, kwa shughuli nyingine kabisa. Shirika lililoandaa semina halikuwa linafanya kazi tena wilayani. Akaunti ya benki ya kikundi ilikuwa imelala, kwani mmoja wa watia saini alihamia Mtwara na kumbadilisha kulihitaji muhtasari, mihuri na nauli za mjini mara tatu. Sanduku lilikuwa linaendelea. Mama aliyelisogeza siku ile alikuwa sasa anavuka kila Jumamosi kwenda kijiji cha ng'ambo kukaa na kikundi kipya cha wasichana, bila posho, akiwasomea hesabu kwa sauti mpaka waishike. Nilimuuliza kama kuna aliyewahi kumlipia hata nauli ya mtumbwi. Akacheka, akaniuliza hiyo ningeiandika kwenye fungu gani.